Mgonjwa aliyepoteza fahamu akapakwa mafuta bila kuungama: dhambi zake zimeondolewa au la?

#1 Mpwa_wa_Marehemu
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua imani Katoliki kwa kina, na wasio Wakatoliki pia karibuni mradi tuheshimiane.
Tumemzika mjomba. Alibatizwa na kupata kipaimara, lakini alikaa miaka mingi bila kuungama wala kukomunika. Alipozidiwa hakuweza tena kusema. Padre aliitwa, akamwekea mikono, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, akasali, akaondoka. Mjomba hakufumbua hata jicho. Msibani ndugu mmoja akatamka mbele ya watu kwamba bila maungamo hakuna ondoleo la dhambi, eti yale mafuta yalikuwa ya kuwafariji tuliobaki. Tangu siku hiyo mama yangu, dada yake marehemu, halali.
Swali langu ni moja. Kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe, yule ndugu yuko sahihi?

#2 Sakristani_Mzee
Pole sana kijana wangu, na mpe mama pole yangu.
Ndugu yenu hayuko sahihi. Soma Yakobo 5:14-15: wazee wa Kanisa waitwe, wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana, "hata ikiwa amefanya dhambi, atasamehewa." Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1532 inataja matunda ya Mpako wa Wagonjwa, na mojawapo ni maondoleo ya dhambi pale mgonjwa aliposhindwa kuyapata kwa sakramenti ya Kitubio, yaani kuungama kwa padre. Mjomba wako alishindwa kusema, hakukataa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.
Tena kwa mgonjwa wa namna hiyo padre kwa kawaida hutoa na ondoleo, hata kama nyinyi mliosimama pembeni hamkulisikia.

#3 Neno_Tu
Pole kwa msiba. Mimi si Mkatoliki, nitasema ninavyoamini.
Mnahangaika na mafuta na padre wakati Biblia iko wazi. 1 Timotheo 2:5, mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja. 1 Yohane 1:9, tukiziungama dhambi zetu Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Yule mhalifu msalabani hakupakwa chochote wala hakuhudumiwa na kuhani, akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Kama mjomba alimlilia Bwana moyoni, amesamehewa. Kama hakumlilia, hakuna mafuta duniani yatakayomsaidia.

#4 Kanoni_na_Kalamu
Neno_Tu, mhalifu msalabani aliungama, soma tena Luka 23:41. Alisema mbele ya watu kwamba wanapata malipo ya waliyoyatenda. Na aliyemwondolea alikuwa Kristo mwenyewe, tena kwa sauti iliyosikika. Sisi tunasema sauti hiyo haijanyamaza, ndiyo maana tuna sakramenti.
Kisha usiruke Yohane 20:22-23. Siku ile ile ya ufufuko anawavuvia mitume, anawaambia wapokee Roho Mtakatifu, na "wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Hakusema watangazeni kuwa wamekwisha kusamehewa. Amewapa kuondoa na kufunga. Sasa mtu ataamuaje amwondolee nani na amfungie nani kama hajasikia lolote?

#5 Neno_Tu
Kanoni, wanaondoa na kufunga kwa kuihubiri Injili. Anayeipokea ameondolewa, anayeikataa amefungiwa. Luka 24:47 inasimulia jioni ile ile na inasema toba na ondoleo la dhambi "kuhubiriwa." Mitume hatuwaoni popote katika Matendo wakikaa kitini kusikiliza watu mmoja mmoja.

#6 Sakristani_Mzee
Matendo 19:18. "Na wengi wa wale walioamini wakaja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao." Sisemi walikuwa kwenye kiungamishio, ila hawakunong'ona chumbani peke yao.

#7 Mwalimu_Agata
Nafundisha dini, nimewaandaa watoto wengi kwa komunyo ya kwanza, kwa hiyo naomba niseme kitu ambacho hapa kimeachwa nyuma. Hakuna sakramenti inayoondoa dhambi ya mtu asiyejuta. Kitubio kina tendo la padre, lakini kina na matendo matatu ya mwenye kutubu, ambayo ni majuto, maungamo na malipizi (tendo la kufidia dhambi). Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliyaeleza mwaka 1551, na ukatofautisha majuto ya aina mbili. Majuto kamili yanatokana na kumpenda Mungu. Majuto yasiyo kamili yanatokana na kuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu. Yale yasiyo kamili yanatosha ukiyaleta kwenye sakramenti. Yale kamili yanamrudishia mtu neema hata kabla hajamfikia padre, mradi ana nia ya dhati ya kuungama mara atakapoweza (Katekisimu 1452).
Kwa hiyo mjomba alikuwa na milango miwili. Kama moyoni alimpenda Mungu na kusikitika, mlango wa kwanza. Kama alikuwa na hofu tu na majuto dhaifu kabla fahamu hazijampotea, hapo ndipo Mpako unapokutana naye. Watoto huniuliza, "Mwalimu, nikifa njiani nikienda kuungama?" Nawajibu kwamba Mungu anakutana na mtu njiani. Mfano wa mwana mpotevu unasema hivyo hivyo: baba alimkimbilia akiwa angali mbali, wala hotuba yake hakuimaliza.

#8 Kipanga_wa_Mlima
Wakuu mnajichosha. Kuungama kwa padre kulibuniwa mwaka 1215 na Papa kwenye Mtaguso wa Laterani ili makasisi wajue siri za watu. Kabla ya hapo halikuwepo.

#9 Msomaji_wa_Kale
Kipanga, hapana. Laterani ya Nne haikuanzisha kuungama, iliweka kiwango cha chini: kila mwamini aliyefikia umri wa akili aungame angalau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka. Huwezi kumwamuru mtu afanye mara moja kwa mwaka jambo ambalo halipo. Mtaguso huo huo ulimtishia padre atakayetoa siri kwa kumvua huduma na kumfungia monasterini atubu maisha yake yote. Hiyo si sheria ya mtu anayekusanya siri.
Ila na Wakatoliki wenzangu tusijidanganye kwamba mambo yalikuwa hivi hivi tangu mitume. Karne za kwanza toba ya dhambi nzito (kumkana Kristo, kuua, uzinzi) ilikuwa ya hadharani na ndefu. Mtu alitengwa na Ekaristi, akafunga, akasimama na kundi la watubuji, kisha askofu akampatanisha. Na kwa kawaida alipewa nafasi hiyo mara moja tu maishani baada ya ubatizo. Ndiyo maana wengi waliahirisha toba, na wengine hata ubatizo wenyewe. Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa.
Mateso ya Kaisari Desio ya mwaka 250 yalipopita, waliokuwa wameikana imani walitaka kurudi, Kanisa likagawanyika. Novasiano, padre wa Roma, alisema hawapokeleki tena. Askofu Sipriani wa Kartago na Papa Kornelio wakasema wanapokeleka kwa toba. Huyo ndugu wa msibani ana damu ya Novasiano kidogo.
Kuungama sirini, tena mara nyingi, kulienea baadaye, hasa kwa watawa wa Ireland kama Kolumbani kuanzia karne ya 6, waliokuwa na vitabu vya kupima malipizi ya kila dhambi.

#10 Kipanga_wa_Mlima
Sawa Msomaji, 1215 naiachia. Lakini umekiri mwenyewe kwamba ilibadilika. Kitu alichokiweka Kristo kinabadilikaje?

#11 Msomaji_wa_Kale
Namna imebadilika, mamlaka ya kufunga na kufungua haikubadilika. Mwaka 1973 ibada ikarekebishwa tena, na sasa kuna namna tatu: mtu mmoja mmoja, ibada ya pamoja ambamo kila mtu bado anaungama peke yake, na ondoleo la jumla kwa dharura kubwa. Katika hiyo ya tatu, anayeondolewa lazima awe na nia ya kuungama dhambi zake za mauti baadaye, mmoja mmoja.

#12 Sauti_ya_Jangwani
Naomba kuuliza nje kidogo. Mwanzo wa Misa tunasali "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu," kisha padre anasema Mungu atuhurumie na kutusamehe dhambi zetu. Hiyo haitoshi? Kwa nini tena nipange foleni Jumamosi?

#13 Mwalimu_Agata
Swali zuri. Ile sala haina nguvu ya sakramenti ya Kitubio. Kwa dhambi nyepesi inasaidia, na Ekaristi yenyewe inafuta dhambi nyepesi (Katekisimu 1394). Kwa dhambi ya mauti, yaani jambo zito lililotendwa kwa kujua na kwa hiari kamili, unatakiwa kuungama kabla ya kukomunika. Vyote vitatu vikutane: uzito, ujuzi, hiari. Kuna watu wanateseka miaka kwa kitu ambacho hakikufika huko, na kuna wengine wanakipita kilichofika.

#14 Bado_Naogopa
Mimi nimekaa mbali na kuungama kwa sababu moja, padre ananifahamu. Nikikutana naye nje nitamtazamaje? Na nani atanihakikishia kwamba hatasema?

#15 Kanoni_na_Kalamu
Bado_Naogopa, siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote. Kanuni ya 983 ya sheria ya Kanisa inamkataza padre kumsaliti mwenye kutubu kwa maneno au kwa namna nyingine yoyote. Akiivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo kuiondoa ni kwa Kiti Kitakatifu. Hata mahakamani hawezi kuisema, hata kwa kuokoa maisha yake mwenyewe. Mtakatifu Yohane Nepomuk alitupwa mtoni Praha mwaka 1393 kwa kukataa kumwambia mfalme maungamo ya malkia.
Na kama uso wa padre unakutisha, kanuni ya 964 inataka viwepo viungamishio vyenye wavu. Au nenda kwa padre asiyekufahamu, hakuna anayekukataza.

#16 Msomaji_wa_Kale
Kanoni, Nepomuk kweli alitupwa mto Vltava mwaka 1393 kwa amri ya mfalme Wenseslao wa Nne. Lakini kisa cha maungamo ya malkia kilikuja kuandikwa miongo kadhaa baadaye. Wanahistoria wengi wanaona chanzo ni ugomvi wa mfalme na askofu mkuu, hasa kuhusu abate aliyethibitishwa bila ridhaa ya mfalme. Kanisa linamheshimu kama shahidi wa siri, ila tusiwape watu historia nusu.

#17 Kanoni_na_Kalamu
Haya, asante. Sheria ya siri inabaki pale pale.

#18 Dada_wa_Pili
Bado_Naogopa, nilikuwa kama wewe dada au kaka yangu. Nilibeba jambo la ujanani muda mrefu, nikiungama vidogo vidogo na kile kikubwa nakiacha. Kila nikitoka nilikuwa mzito kuliko nilivyoingia. Siku nilipokisema, padre hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu, kama niko tayari kumwendea niliyemkosea. Nilipolisikia lile neno "Nami nakuondolea dhambi zako" nililia kwa sauti na sikuona haya. Moyoni nilikuwa nimeshamwomba Mungu mara nyingi sana. Lakini kuambiwa ni kitu kingine, Neno_Tu. Mwanadamu ana masikio.

#19 Neno_Tu
Dada_wa_Pili, siwezi kubishana na machozi yako, na nafurahi ulipata amani. Ila amani yangu naipata kwenye ahadi ya Neno. Nalo nalisikia.

#20 Mlutheri_Mtulivu
Neno_Tu, usituweke Waprotestanti wote kwenye kapu moja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu Walutheri, linasema ondoleo la faragha lidumishwe makanisani, ingawa si lazima kuorodhesha dhambi zote. Martin Luther mwenyewe aliendelea kuungama. Mwaka 1517 hakupinga kuungama, alipinga biashara ya rehema (kufutiwa adhabu ya dhambi) na wahubiri waliowapa watu uhakika usio na toba. Kwetu mchungaji anatamka msamaha kwa amri ya Kristo, na imani ndiyo inayoupokea.

#21 Msafiri_wa_Mashariki
Mimi ni Mwothodoksi. Kwetu unasimama mbele ya ikoni ya Kristo, padre yuko pembeni kama shahidi. Dhambi tunaitazama zaidi kama ugonjwa na Kanisa kama hospitali, kwa hiyo swali la "sheria inasemaje kuhusu mjomba" kwetu lingeulizwa vingine. Tungesema tumkabidhi kwa Tabibu na tuendelee kumwombea.

#22 Kipanga_wa_Mlima
Na kama padre mwenyewe ni mdhambi kuliko anayeungama? Hili hamlijibu kamwe.

#23 Sakristani_Mzee
Lilishajibiwa zamani, Kipanga. Wadonati wa Afrika Kaskazini walidai sakramenti ya mhudumu mwovu haifai kitu. Mtakatifu Augustino aliwajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, hata kama mkono ni wa Yuda. Padre naye anapiga magoti kwa padre mwenzake, hajiondolei mwenyewe. Papa pia anaungama.

#24 Mpwa_wa_Marehemu
Nawashukuru wote. Nimemsomea mama mchango wa Sakristani na wa Mwalimu Agata.
Ila kuna jambo sikulisema mwanzoni na yule ndugu amelirudia leo. Mjomba alikuwa anaishi na mwenziwe bila ndoa ya Kanisa, na ndoa yake ya kwanza haikuwahi kubatilishwa. Ndugu ananionyesha kanuni ya 1007, kwamba Mpako usitolewe kwa anayeng'ang'ania dhambi nzito iliyo wazi. Kwa upande mwingine, mjomba alipoanza kuumwa alimwambia mama, "Nikizidiwa niitieni padre." Hilo lina uzito wowote?

#25 Kanoni_na_Kalamu
Lina uzito mkubwa sana. Kanuni ya 1006 inasema wagonjwa wapewe Mpako kama walipokuwa na akili timamu waliuomba, walau kwa namna isiyo ya wazi. Yeye aliuomba kwa mdomo. Na ya 1007 ina neno ambalo ndugu yenu analiruka: kung'ang'ania. Mtu anayesema niitieni padre anang'ang'ania vipi?

#26 Mlinzi_wa_Lango
Kanoni, taratibu. Kumwita padre si lazima iwe kutubu. Watu wengi wanamwita kwa mazoea au kwa hofu ya kifo. Kama mtu alikuwa na afya, akajua Kanisa linafundisha nini kuhusu ndoa, na akachagua kubaki alivyo, hatuna haki ya kusema kwa uhakika dhambi zake zimeondolewa. Sisemi amepotea, Kanisa halijawahi kumtaja mtu yeyote kwamba yuko motoni. Nasema sakramenti tusiigeuze kuwa dawa inayofanya kazi bila moyo wa mtu. Mwalimu Agata amesema mwenyewe kwenye #7 kwamba bila majuto hakuna ondoleo.

#27 Mwalimu_Agata
Nilisema, na sirudi nyuma. Lakini Mlinzi, hata hofu ya kifo umeiorodhesha kama kasoro wakati Trento inaihesabu hofu kuwa zawadi ya Mungu inayomsukuma mtu kuelekea neema. Mara nyingi ndipo toba inapoanzia. Padre aliyekuwa pale alikuwa na maneno ya mgonjwa, mwili unaokata roho, na mamlaka. Ningekuwa mimi ndiye mgonjwa, ningetaka aamue kwa upande wa huruma.

#28 Dada_wa_Pili
Na mwenziwe mjomba je? Uzi mzima hakuna aliyemtaja. Yuko hai, amefiwa, na huenda anaambiwa maneno mazito kuliko ya mama. Mpwa, mpelekeeni padre akazungumze naye.

#29 Mlinzi_wa_Lango
Dada_wa_Pili, hapo nakuunga mkono mia kwa mia.

#30 Sauti_ya_Jangwani
Swali jingine. Tuseme dhambi zimeondolewa. Kwa nini basi tunamtolea Misa? Si ameshasafishwa?

#31 Sakristani_Mzee
Kwa sababu hatia inaweza kuondolewa na madhara yakabaki. Ukiiba ukaungama, unasamehewa, lakini mali unatakiwa kuirudisha, na ule mwelekeo wa mkono wako bado unahitaji kunyooshwa. Kanisa linaita adhabu ya muda, na isipokwisha hapa inatakaswa toharani. Ndipo zinapoingia sala za walio hai, Misa na rehema. Kwa anayekufa padre huweza kutoa na Baraka ya Kitume yenye rehema kamili. Mpwa, kamuulizeni padre kama aliitoa.
Kuwaombea wafu ondoleo la dhambi kuko katika 2 Makabayo 12.

#32 Neno_Tu
Biblia yangu haina Makabayo.

#33 Msomaji_wa_Kale
Haina kwa sababu ilitolewa, lakini hiyo ni mada ya wiki nzima.

#34 Neno_Tu
Au haina kwa sababu haikuwemo kwenye Maandiko ya Kiebrania. Fungueni uzi wa toharani, nipo.

#35 Kanoni_na_Kalamu
Nitaufungua usiku huu. Njoo na 1 Wakorintho 3:15, "yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto," utuambie kwenu mnaisomaje. Mlutheri na Msafiri, nanyi msikose.